Kufua Maji, Bandari ya Orjaku

Aprili. Barafu imeachia ghuba juzi tu,
na Leelo amelala kifudifudi ndani ya mashua,
mkono mmoja umezama ngamani hadi kwapani,
anapapasa gizani kama mkunga.

Mlingoti husifiwa, tanga hupigwa picha.
Ngama hupokea kinachoteleza:
skrubu, mafuta ya injini, mvua ya Novemba,
jasho la mbao, na maji ya bahari hii
isiyojua kukolea chumvi.

Dukani Kärdla, Raivo alisoma boksi kwa sauti ya mhubiri:
lita elfu nane kwa saa!
Leelo, aliyepeleka barua miaka thelathini na moja
na kuzijua anwani zisizo na watu,
akauliza: zikipanda je?
Zikipanda wapi?
Zikipanda mrija, mita moja na nusu,
usiku, betri ikiwa imechoka.
Raivo akageuza boksi, akatafuta maandishi madogo.
Elfu nane ni za maji yasiyopanda popote.
Toa nusu. Kisha toa tena kidogo
kwa kila kiwiko cha bomba.

Alinunua mbili. Ndogo ikae chini kabisa,
inywe mvua na jasho.
Kubwa ikae kiganja kimoja juu yake,
kavu mwaka mzima, ikingoja siku yake.
Na ya tatu, ya mkono, utando wa mpira na mpini wa chuma,
kwani umeme ni mgeni anayeaga
chakula kikipakuliwa.

Nguo hufuliwa, chuma hufuliwa, maji hufuliwa:
neno moja, migongo mitatu inayouma.

Mrija uwe laini kwa ndani;
wenye mikunjo huyachelewesha maji
kama ngazi imcheleweshavyo mlevi.
Viungo vya waya vikae juu, mbali na unyevu.
Kila mwezi, ndoo moja ya maji matamu ngamani,
na boya lipande lenyewe,
lisisaidiwe na kidole.
Ukutani kuna kihesabio, ukubwa wa kiberiti,
kinachosema pampu imeamka mara ngapi.
Mara mbili kwa wiki, mashua inapumua.
Mara arobaini, usiisifu pampu.
Tafuta tundu.

Villem alichonga penseli zake kwa kisu,
papo hapo juu ya meza ya ramani,
maganda yakidondoka kati ya mbao za sakafu.
Leelo alisema. Alisema tena.
Agosti ile, nje ya Sõru, upepo umegeuka,
boya likakwama, maji yakafika kwenye magodoro,
naye akavuta mpini saa mbili nzima,
tusi moja kwa kila mvuto.
Kulipokucha walichomoa kilichokwamisha:
ganda moja, jembamba kama ukucha wa mtoto,
ukingo wake wa njano.
Alilibandika kwa gundi juu ya meza, ushahidi.
Villem akaomba msamaha
akaendelea kuchonga.

Hii ni Aprili ya nne tangu azikwe.
Ya kwanza, chujio lilitoa maganda kumi na moja.
Kisha saba. Kisha manne.
Kila mawimbi yalipoitikisa, mashua ilitema
kilichokuwa kimejificha nyufani.

Leo mkono unatoka mweusi.
Kiganjani: nywele, nati yenye kutu, uzi wa tanga,
ganda moja.
Chujio safi ndilo alilolidai miaka yote ile.
Analitazama hili la leo, karibu safi,
na hapendi anachokiona.

Anamimina ndoo. Boya linapanda. Pampu inanguruma,
maji yanatemwa ubavuni, korongo wawili wanashtuka matetemeteni.
Kitabu cha mashua kinataka tarehe na saini.
Penseli ni butu.
Anapanda juu, baridi ikimng'ata masikio,
anaegemea ukingo na kuchonga kuelekea nje,
maganda yakianguka bandarini,
kama alivyomfundisha mtu mmoja
miaka ishirini na saba
bila mafanikio.